Mawaidha Hayanawishi Mikono

Mwaka 1998 shule 75 za msingi katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, ziliingia katika mradi wa kuwatibu watoto minyoo. Dawa ndiyo iliyovuma. Wachumi wameyajadili matokeo yake kwa zaidi ya miaka ishirini, na ubishi juu yake haujaisha. Lakini mradi ule ulikuwa na upande wa pili ambao haukupigiwa ngoma, nao ndio unaomhusu mtu yeyote anayetaka kujirekebisha au kumrekebisha mwenzake. Pamoja na vidonge, watoto walipewa somo la afya. Walimu walifunzwa namna ya kulifundisha, chati zikabandikwa ukutani, wahamasishaji wakapita wakisisitiza: kuwa msafi, vaa viatu, usijitumbukize ziwani penye kichocho. Watafiti Michael Kremer na Edward Miguel hawakuridhika kujua watoto wamekariri nini. Walitaka kujua wanafanya nini. Usafi wa watoto ukakaguliwa kwa macho, miguu ikatazamwa kama ina viatu, habari za kuogelea na kuvua zikaulizwa. Katika ripoti waliyoichapisha mwaka 2007, hapakuonekana badiliko lolote lililoletwa na somo lile. Katika ripoti hiyohiyo kuna jambo jingine dogo lenye uzito. Baadhi ya shule zilipoanza kuwatoza wazazi ada ndogo kwa dawa iliyokuwa ikitolewa bure, watoto waliotumia dawa hiyo walishuka kutoka asilimia 75 hadi asilimia 19.

Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, utaona jinsi tunavyokosea hesabu. Somo la miezi kadhaa halikumsogeza mtu, lakini kizuizi kidogo mlangoni kiliwarudisha nyuma watu wengi. Hata hivyo, kila tunapotaka tabia ibadilike, iwe ni mtoto anayechelewa kulala, mfanyakazi asiyeweka akiba, au kijiji kinachokunywa maji machafu, chombo cha kwanza tunachokishika ni maneno. Tunaitisha mkutano, tunabandika bango, tunamkalisha mtoto sebuleni na kumpa darasa. Jambo lisipobadilika tunaongeza sauti, na mwisho tunamlaumu mhusika kwamba ni mkaidi. Ninachodai hapa ni kwamba mpangilio huo umegeuzwa. Anayetaka kujenga tabia, yake au ya mwingine, aanze na mahali na saa ambapo tendo litafanyika, apunguze hatua za kulifikia, kisha maneno yafuate. Maneno yakitangulia peke yake hupotea, hata yakiwa ya kweli na yamesemwa kwa upendo.

Sababu iko katika namna tabia inavyofanya kazi. Tendo linapokuwa tabia, mtu haliamui tena. Linaamshwa na kitu kinacholitangulia. Mlango wa nyumba ukifungwa, mkono umeshaingia mfukoni kupapasa funguo. Chai ikiwekwa mezani, mkono unafuata sukari. Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti kuhusu watu 96 waliochagua kila mmoja tendo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa maji au kula tunda, wakalifunga kwenye wakati maalumu, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tendo likaanza kujiendea lenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: siku 18 kwa mmoja, na makadirio ya siku 254 kwa mwingine. Zile siku 21 zinazotajwa kila mahali zina chimbuko lingine kabisa. Zilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, ambaye katika kitabu cha mwaka 1960 alieleza kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Watu wakaliacha neno "angalau", wakabaki na namba. Kuna jambo la kufariji katika utafiti wa Lally: kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Mtu anayesema "nimeshakosa jana, basi tena" anajihukumu kwa sheria ambayo haipo.

Tumrudie Kremer, maana kazi yake magharibi mwa Kenya haikuishia kwenye minyoo. Yeye na wenzake waligeukia maji ya kunywa. Dawa ya klorini ya kutibu maji ilikuwa imeshafika madukani katika chupa ndogo, kwa bei isiyotisha, na watu wengi walikwisha kuisikia. Bado kaya zilizoitumia zilikuwa chache. Badala ya kuongeza matangazo, watafiti wakaihamisha dawa yenyewe. Waliweka pipa dogo la klorini juu ya nguzo, pale pale kwenye chemchemi au kisima, na chini yake koki inayotoa kipimo kimoja kila ikizungushwa. Mama anafika, anaweka mtungi wa lita 20 chini ya koki, anazungusha, dawa inaingia, kisha anakinga maji. Hapimi kwa kifuniko, hakumbuki kununua, hatafuti chupa ilikowekwa. Mtikisiko wa njiani unachanganya dawa na maji, na kwa kuwa klorini inahitaji nusu saa hivi kufanya kazi, sehemu ya muda huo huishia njiani kabla mtu hajafika nyumbani. Kisha koki iko mahali pa watu: anayekuja kuteka anamwona jirani akiizungusha, na asiyeizungusha anaonekana pia. Mtu mmoja aliyechaguliwa na wenzake ndiye anayejaza pipa na kuwakumbusha wengine. Katika majaribio yale, zaidi ya nusu ya kaya zilikutwa na klorini katika maji ya nyumbani. Dawa ni ileile na wanywaji ni walewale. Kilichohama ni kituo cha tendo, kutoka rafu ya duka na kona ya jiko hadi mahali ambapo mkono tayari umeshika mtungi.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya vijijini, watu waliosoma wanajiongoza kwa akili. Hospitali inakanusha. Hakuna watu wanaojua habari za vijidudu zaidi ya madaktari na wauguzi. Daktari Ignaz Semmelweis alionyesha kule Vienna mwaka 1847 kwamba kunawa kwa maji ya klorini kunapunguza vifo vya wazazi wodini, na leo kunawa mikono ni somo la lazima katika taaluma hiyo. Hata hivyo, mwaka 1994 katika hospitali kuu ya chuo kikuu cha Geneva, Didier Pittet na wenzake walipohesabu nyakati ambazo mhudumu alipaswa kusafisha mikono, walikuta anafanya hivyo kwa asilimia 48 tu. Sinki la kunawia liko mbali na kitanda, wagonjwa ni wengi, na kunawa sawasawa kunakula muda. Walichofanya ni kusogeza kitakasa mikono cha spiriti hadi kando ya kitanda na mfukoni mwa koti la mhudumu, na kuambatanisha mabango yaliyobuniwa na wafanyakazi wenyewe. Kufikia mwaka 1997 kiwango kilikuwa asilimia 66, na kufikia mwaka 1998 maambukizi yanayopatikana hospitalini yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 16.9 hadi 9.9. Ikiwa muuguzi wa Uswisi anahitaji chupa iwe karibu na mkono, mtoto wa darasa la pili tunamdai nini?

Kwa upande wa kuwafundisha wengine, Tanzania ina mfano wake ambao haukumbukwi inavyostahili. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 redio ilirusha kipindi kila wiki, na vijijini watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kukisikiliza. Ukiitazama kwa mbali, ni mawaidha matupu kwa njia ya redio, na ingepaswa kuangukia palepale lilipoangukia somo la Busia. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata kipindi kikizimwa. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu mkononi. Walijadili kilichosemwa kuhusu malaria, safura, kichocho, kuhara damu au kifua kikuu, wakauliza ni kipi kati ya hayo kiko kwao, kisha wakakubaliana tendo: kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kufukia madimbwi, kuchimba choo. Wiki iliyofuata walikutana tena, watu walewale, na kila mmoja akijua nani alichimba na nani hakuchimba. Makadirio ya tathmini yalitaja vyoo vilivyochimbwa kwa mamia ya maelfu. Ni kweli kwamba nyakati zile mkono wa chama na serikali ulikuwa mzito, na si kila aliyechimba alichimba kwa hiari. Ni kweli pia kwamba choo kilichochimbwa si lazima kiwe choo kinachotumika. Lakini muundo wake ulikuwa sahihi. Somo lilikuwa fupi, likaishia kwenye jambo moja la kufanya wiki hiyo, mahali panapojulikana, mbele ya watu watakaouliza.

Kwa mzazi au mwalimu wa leo, muundo huo unaweza kuingia katika dumu la lita tano. Kibuyu chirizi kinajulikana sasa katika shule nyingi za Afrika Mashariki: dumu la plastiki lililotobolewa tundu dogo, linaning'inia kwenye mti ulalao juu ya miti miwili yenye panda, na kamba imeshuka kutoka mdomoni mwake hadi kwenye kijiti kilicholala karibu na ardhi. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika. Kando yake kuna kipande cha sabuni kilichotobolewa katikati na kufungwa kamba ili kisitembee. Uzuri wake ni kwamba mkono mchafu haugusi koki, maji yanatumika kidogo, na mtoto anafurahia kukanyaga. Lakini kibuyu kikijengwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu ili wageni wakione, kimekufa siku hiyohiyo. Mahali pake ni kwenye njia ya kutoka chooni, hatua chache tu, mtoto asiweze kupita bila kukiona. Nimeona vyema kutaja jambo hili dogo kwa sababu hapa ndipo mipango mingi huharibika: kifaa ni kizuri, pesa imetumika, na kimewekwa pasipopitwa na anayelengwa.

Kuna pingamizi la kwanza, na lina heshima yake. Wengi watasema kwamba kuyapa mazingira kazi yote ni kumvua mtu nia yake, na kwamba malezi na dini zimefundisha watu tabia njema kwa karne nyingi kwa kutumia neno. Nakubali kwamba nia inahitajika. Mtu asiyetaka kabisa hatajengewa tabia kwa kusogezewa sabuni. Lakini tuzitazame dini zenyewe zinavyofanya. Uislamu haukuishia kumwambia muumini awe msafi na amkumbuke Mungu anapopata nafasi. Uliweka nyakati tano zinazofuata jua, mwito unaosikika mtaa mzima, na maji ya kutawadhia yakawekwa msikitini palepale. Chukua mwezi wa Ramadhani. Mvutaji anayeapa kwamba hawezi kumaliza saa mbili bila sigara anafunga tangu alfajiri hadi magharibi kwa mwezi mzima. Nia yake ya Shaabani na ya Ramadhani haikutofautiana sana. Kilichotofautiana ni kwamba migahawa imefungwa, wenzake hawavuti, daku na futari vimeipanga siku upya, na mji mzima unakwenda kwa mwendo mmoja. Baada ya Idi wengi hurudia pakiti zao, na hilo nalo ni ushahidi: mpangilio umeondoka, tabia ikaondoka nao. Neno la dini lina nguvu kwa sababu limepewa saa, mahali na jamaa.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi inaleta pingamizi linalofanana na hilo, kwamba mtu mzima ameshakauka. Ushahidi unaikataa. Katika vita vya Vietnam askari wengi wa Marekani walizoea heroini, na serikali yao iliogopa kupokea jeshi la waraibu. Mtafiti Lee Robins alipowafuatilia waliokuwa wamenaswa, baada ya kurudi kwao, alikuta ni kama watano tu kwa kila mia walionaswa tena katika mwaka wa kwanza. Walirudi mahali ambapo hapakuwa na kambi, wala wauzaji walewale, wala kuchoka kulekule. Simaanishi kwamba kuacha dawa za kulevya ni rahisi. Anayetibiwa na kurudishwa kijiweni palepale anajua ugumu wake. Ninachosema ni kwamba umri si ukuta tunaoudhania, na kwamba kuhama nyumba, kubadili kazi au kuanza shule ni nafasi ambayo tabia ya zamani imelegea kwa muda. Mwenye kutaka kuanza jambo jipya aitumie kabla haijafungwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu, kwa sababu limetoka Kenya ileile na ni la kweli. Mchumi Pascaline Dupas alifanya jaribio katika shule za magharibi mwa Kenya mwaka 2004. Wanafunzi walipewa kikao kimoja cha dakika 40 hivi, wakaonyeshwa jinsi maambukizi ya Ukimwi yalivyo makubwa zaidi kwa wanaume watu wazima kuliko kwa vijana wa rika lao. Mimba za utotoni katika shule hizo zilipungua kwa asilimia 28, na waliokwepwa ni hasa wale wanaume wenye umri mkubwa. Hakuna kilichohamishwa wala kujengwa. Ni maneno tu, tena machache. Basi maneno hufanya kazi? Hufanya, pale yanapoleta jambo ambalo msikilizaji hakulijua, na pale tendo lenyewe ni uamuzi. Msichana anayechagua mwenzi anapima na kuamua. Mtoto anayetoka chooni hapimi kitu, anatoka tu akiwahi mchezo. Mwambie kwa mara ya mia kwamba mikono ina vijidudu, hujamwongezea habari. Hili ndilo jambo la kujiuliza kabla ya kuandaa semina au kumwita kijana kikaoni: je, halijui, au analijua na halimjii wakati wake? La kwanza linaponywa kwa kuelezwa. La pili haliponywi hivyo hata ukilieleza kwa ufasaha wa aina gani.

Wengine huogopa kwamba kupanga mazingira ya watu ni kuwaendesha kama watoto. Hofu hiyo haikosi msingi, na utafiti wa akiba unaonyesha mpaka uko wapi. Dupas na Jonathan Robinson, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2013, waliwapa wanachama wa vyama vya kuchangiana vya magharibi mwa Kenya njia tofauti za kuweka akiba ya matibabu. Kuna waliopewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakakaa nao wenyewe. Kuna waliopewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukabaki kwa msimamizi hadi fedha ifike kiwango kilicholengwa. Mtu angetarajia la pili lishinde, maana halina kishawishi. Ikawa kinyume: sanduku lenye ufunguo wa mwenyewe liliongeza matumizi ya kinga za afya kwa takriban theluthi mbili, na lile lililofungwa halikusaidia sana, kwa kuwa watu waliogopa kufungia fedha wasiyoweza kuifikia dharura ikitokea. Lililowasaidia ni kuwa na mahali palipotengwa. Shilingi iliyomo sandukuni imeshapewa kazi, na ndugu anayekuja kukopa anaweza kuambiwa hivyo bila kuvunja udugu. Pale chama chenyewe kilipotenga mfuko wa afya ndani ya michango, matokeo yalikuwa makubwa zaidi. Kwa hiyo mpangilio mzuri unamrahisishia mtu njia na kumwachia ufunguo. Ukimnyang'anya ufunguo unapata ukaidi, na mara nyingi ukaidi huo una akili.

Linabaki suala la umaskini, ambalo watu wa mawaidha hupenda kuliruka. Mtoto asiye na viatu hawezi kufundishwa kuvaa viatu, na huenda hilo peke yake linaeleza sehemu ya yale ya Busia. Kusogeza sabuni hakusaidii mahali ambapo mtungi wa maji unanunuliwa kwa bei ya mlo. Hapo tabia si jina la tatizo, na anayeliita hivyo anakwepa gharama. Hata pale kifaa kinapokuwepo, kinaomba kulishwa. Pipa la klorini chemchemini likikauka, mama atazungusha koki mara mbili tatu bila kupata kitu, na baada ya hapo mkono hauendi tena. Likijazwa mwezi ujao, kazi imeanza upya. Kibuyu chirizi ni vivyo hivyo: kinagharimu karibu bure kukitengeneza, lakini kinahitaji maji kila asubuhi na sabuni kila baada ya siku chache, na mambo hayo hayawezi kuachiwa moyo wa kujitolea. Shule ambayo vibuyu vyake vimekauka haihitaji hotuba nyingine ya usafi siku ya Ijumaa. Inahitaji daftari la zamu, darasa la nne Jumatatu na la tano Jumanne, fungu dogo la sabuni linaloombwa kamati ya shule kila mwezi, na mwalimu wa zamu anayepita chooni kabla ya mapumziko, kwa sababu wakati huo ndipo watoto wanapotoka huko mbio kwenda kula.